Zamu Niliyoigawa

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha nyumbani kwangu, Mkomani, asubuhi ya Jumanne, nikifunga mzigo wa nguo niende kisiwa cha Ndau kwa mamangu mgonjwa. Mume wangu Abdulghafur akaingia, akautazama mzigo, akaniambia, "Fungua, Radhiya. Mamako amekufa yana, Jumatatu. Wameshamzika."

Kwa aliyekosa gazeti nitarudia kwa ufupi, maana bila ya hayo mtaniona mwanamke mwovu tu. Uovu ninao, sikatai, lakini una asili yake.

Abdulghafur ana wake wawili. Mimi, mkubwa, niko mtaa wa Mkomani hapa Amu, na Saadiya yuko mtaa wa Langoni. Kazi yake ni kuuza boriti, na sifa yake ni saa. Ana saa ya mfukoni yenye mnyororo wa fedha, na akikutajia wakati utadhani kauzaa yeye. Zamu zetu alizipanga mwenyewe, akaziandika kwa hati za Kiarabu kwenye karatasi mbili, moja akaitundika ukutani kwangu na moja kwa mwenzangu. Toka magharibi ya Alhamisi hadi magharibi ya Jumapili ni yangu. Toka hapo hadi magharibi ya Jumatano ni ya Saadiya. Siku inayobaki ni yake na mambo yake.

Ilipokuja habari kuwa mama yu taabani ilikuwa Jumatano. Nikaomba ruhusa ya siku tatu. Akatoa saa, akaitazama, kana kwamba ugonjwa wa mama umeandikwa mle ndani.

"Kesho zamu yako yaingia," akasema. "Mke haondoki katika zamu yake. Utakwenda Jumapili."

Nikakaa. Nikapika, nikajifukiza udi, nikangoja. Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Jumamosi hakuja. Jumapili nikatafuta chombo cha Ndau, nikaambiwa mpaka Jumanne. Na Jumanne ndiyo hiyo niliyowaeleza.

Sasa tuendelee.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Habari zimefika forodhani."

"Na weye ulikuwa wapi siku zangu tatu?"

Akapeleka mkono mfukoni, kama ada yake anapotaka kufikiri. Mkono ukatoka mtupu.

"Nalikuwa na jambo."

"Saa yako i wapi?"

"Imeharibika. Nimeipeleka Mombasa kwa fundi."

Nikacheka. Mama yangu yumo kaburini, na mimi nacheka. "Basi toka," nikamwambia. "Ukiingia humu kwa zamu, ingia, sharia ni sharia. Lakini usimtaje mamangu tena kwa ulimi wako ndani ya nyumba hii."

"Radhiya, kuna neno nataka—"

"Ukimtaja napiga ukelele mui mzima usikie!"

Aliuelekea mlango. Halafu akasema, "Haya. Sitamtaja." Akatoka. Na kweli hakumtaja tena. Abdulghafur akisema haya ni haya, na hata hilo nalo lilinichukiza.

Siku ile niliapa. Sitakwenda Ndau, sitalitazama kaburi la mama, mpaka nimlipe mtu huyu. Kanila siku tatu zisizorudi. Mimi mwana wa pekee, mama hana mwingine wa kumfumba macho, nami nimeketi namlindia yeye sinia ya wali. Majirani walikuja kunipa pole, nikawapokea, nikawajibu, moyo wangu uko kwingine kabisa.

Toka hapo kazi yangu ikawa moja. Nilichukua kipande cha makaa jikoni, na kila alipokuja kwa zamu nikaandika ukutani, nyuma ya mlango, kaja saa ngapi, katoka saa ngapi, kasema nini. Akichelewa, mstari. Akiwahi kuondoka, mstari. Nilikuwa nikiamka nao na kulala nao. Kufuma kofia, ambayo ndiyo starehe yangu, nikaacha. Kusoma msahafu baada ya alasiri nikawa nasema kesho.

Wiki ya nne akaja Saadiya.

Miaka minne hatukusemezana ila misibani, na huko nako kwa kichwa tu. Alipiga hodi saa tatu asubuhi, buibui limemkaa upande, jasho latiririka.

"Bi Radhiya," akasema, "nimekuya kukugombeza. Lakini nipe mai ninywe kwanza."

Nikampa maji. Akanywa, akapangusa mdomo, akaanza.

"Wanimaliza kwa mume. Nimenyamaza, nikasema mwenzangu kafiwa, muda utapita. Lakini wiki ile ya msiba ulimzuia hapa toka Alhamisi hadi Jumanne. Jumapili na Jumatatu zalikuwa zangu. Sikunena. Sasa nanena. Ndiyo desturi gani hiyo?"

"Nimemzuia mimi?"

"Si weye, n'nani?"

"Saadiya, wiki ile hakutia mguu humu. Mimi nikijua alikuwa kwako."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaketi chini, palepale sakafuni.

"Wallahi?"

"Wallahi. Siku zote hizo nakulaani weye."

"Na mimi nakulaani weye," akasema. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake, akakizungusha.

"Basi alikuwa wapi?" nikauliza.

"Radhiya, usiwe mtoto. Mtu ana nyumba mbili, hayumo katika moja wala katika ya pili. Kuna ya tatu."

Kisha akanieleza aliyoyasikia, akayapuuza mpaka saa ile. Jumanne ile, watu walimwona Abdulghafur akishuka kutoka mashua iliyotoka visiwa vya juu, macho mekundu, kanzu imekunjamana, hakusalimia mtu. Na tangu hapo ameonekana mara mbili akizungumza faraghani na Mwalimu Jaafar, ambaye ndiye aozeshaye watu wa mtaa wetu.

"Mato mekundu kwa nini?" nikauliza.

"Bwana harusi hulala?" akasema Saadiya, akacheka kicheko kibaya.

Damu ilinipanda. Basi mamangu alikuwa anakata roho, mimi nalindishwa zamu, naye yuko kwa bibi mpya akilishwa halua! Nikamwambia Saadiya, "Mimi simwachi huyu."

"Wataka talaka?"

"Talaka ya nini? Akapumzike? Nataka aaibike. Ajue mtu anavyokuwa akiwekwa mlangoni angoje."

Tulikubaliana kungoja nafasi, na nafasi akaileta mwenyewe. Jumapili asubuhi, kabla ya kutoka, alisimama mbele ya ile karatasi yake ukutani akaniambia, "Ijumaa ijayo, baada ya sala, nitakuya na watu kumi na wawili. Nataka wali na mtuzi wa mbuzi. Mbuzi ataletwa."

"Watu gani?"

"Mwalimu Jaafar na wenziwe."

"Kwa jambo gani?"

Akafungua mdomo, akaufunga. "Ijumaa utajua."

Mtu haendi kwa mke mkubwa na mwozeshaji na mashahidi ila ana lake. Anataka nipike mimi chakula cha kuposea! Nilimpelekea Saadiya habari mchana uleule, na kabla ya alasiri shauri lilikuwa limekwisha. Dawa ya moto ni moto. Mume wetu mtu wa zamu, basi tutampiga kwa zamu.

Sharia inamruhusu mke kumpa mwenzake zamu yake. Hilo kila mwanamke wa ukewenza analijua, ingawa sikupata kumwona aliyelitumia ila mgonjwa au mzee. Mimi nitampa Saadiya zamu yangu ya Ijumaa. Saadiya atakataa kuipokea. Zamu itakuwa njiani, na mwenye zamu atakuwa njiani nayo.

Mbuzi akaletwa Alhamisi. Sikumchinja. Ijumaa asubuhi, Abdulghafur alipokwisha kutoka, nilimfunga dakani, nje ya mlango wangu, nikaibandua ile karatasi ya zamu ukutani, nikaitia uzi, nikamvika shingoni.

Jiko langu halikuwaka siku ile. Nilivaa vizuri, nikapaka wanja, nikaketi nyuma ya mlango nilioukomea, moyo unanidunda kwa raha. Naungama, ilikuwa raha. Sikupata raha kama ile tangu niolewe.

Saa saba walikuja. Nilisikia viatu, nilisikia mazungumzo yao yakikatika walipomwona mbuzi.

"Hodi," akasema Abdulghafur.

"Nani?"

"Ni mimi. Nimekuya na wageni."

"Karibuni hapo mlipo," nikasema, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. "Bwana Abdulghafur, leo si zamu yangu. Nimeigawa. Nimempa Bi Saadiya wa Langoni. Mwalimu Jaafar, sharia yanikataza?"

Mwalimu akakohoa. "Haikatazi, mwanangu. Inajuzu, mume akiridhia."

"Basi muulize kama yuaridhia."

Madirisha ya juu yalikwisha kufunguka. Nilisikia wanawake wa mtaa wakizuia vicheko, na wengine hawakuvizuia. Mtu mmoja barazani akasema, "Abdulghafur, saa ngapi hiyo?" Watu wakavunjika mbavu, maana mji mzima ulijua hana saa.

Nilingoja afoke. Hakufoka. Alikaribia mlango, akasema taratibu kiasi cha kusikia mimi peke yangu. "Radhiya, si leo. Nakuomba. Siku yoyote nyingine, lakini si leo."

"Leo ndiyo niliyoichagua," nikamjibu.

Akawageukia wenziwe, akasema kwa sauti, "Nimeridhia. Twendeni Langoni."

Wakaenda. Watu kumi na watatu wa kanzu na kofia, saa saba na robo, jua la kichwa, kupitia njia kuu ya mji kutoka Mkomani hadi Langoni, na mbuzi mbele. Ndiyo, alimfungua mbuzi akamvuta mwenyewe. Wenye maduka wakatoka kutazama. Nilisimuliwa baadaye na Saadiya jinsi walivyofika, na jinsi alivyowajibu kutoka dirishani.

"Zamu ya Radhiya sikuipokea, bwana. Zawadi si lazima mtu aipokee. Mrudishie mwenyewe."

Inasemekana Mwalimu Jaafar aliketi barazani pale, akavua kofia, akajipepea. Mzee yule ana miaka sabini. Wengine mmoja mmoja wakaaga. Saa nane Abdulghafur alibaki peke yake kwenye kivuli cha ukuta wa Langoni, kamba ya mbuzi mkononi, hana nyumba ya kuingia katika mji alioujengea nyumba mbili.

Msichana wa jirani alikuja mbio kunieleza. Nikampa peremende. Nikaenda nyuma ya mlango, nikatazama mistari yangu ya makaa, imeujaza ukuta. Nikasema, "Mama, nimemlipa." Kisha nikatafuta nguo za safari, maana kiapo changu kimetimia na sasa naweza kwenda Ndau.

Hapo ndipo nikasikia hodi nyingine. Hodi ya kike, ya uzeeni.

Nilipofungua sikuamini. Alikuwa Bi Barka, jirani wa mama kule Ndau, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Miguu yake haimtoi hata nyumbani kwake, na leo yuko Amu, fimbo mkononi, furushi la nguo kwapani.

"Bi Barka! Nani kakuleta?"

"Mashua ya asubuhi. Nifungulie ndia nikae, mwanangu, nisianguke." Akaketi, akavuta pumzi, akatazama huku na huku. Akanusa. "Mbona siuoni moshi? Wasomaji wako wapi?"

"Wasomaji gani?"

"Radhiya," akasema, "leo ni arobaini ya mamako."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Jumatatu aliyokufa, Jumatatu ya pili, ya tatu. Nikahesabu tena. Nikageuka kuutazama ule ukuta wa mistari. Siku zote zile nilikuwa nahesabu. Najua Alhamisi gani alichelewa na Jumamosi gani aliwahi kutoka. Arobaini ya mamangu sikuihesabu.

"Mumeo alinipelekea salamu," akaendelea Bi Barka. "Kasema khitima itasomwa hapa kwako, kwa kuwa weye huji Ndau. Kasema wewe hutaki mamako atajwe, basi atakuletea wasomaji bila ya kunena, wakianza utaelewa mwenyewe. Na mbuzi kamnunua. Hakuja?"

Niliwaona wale watu kumi na wawili juani. Nilimwona Mwalimu Jaafar na kofia yake. Watu waliokuja kumsomea mamangu, nikawafukuza kwa mbuzi mwenye karatasi shingoni, na wanawake wakacheka.

"Bi Barka," nikasema, "Abdulghafur alijuaje siku aliyokufa mama?"

Akanishangaa. "Atakosaje kujua, naye ndiye aliyemshika kitwa?"

"Nani?"

"Mumeo! Alifika Alhamisi magharibi, peke yake. Siku nne hakutoka chumbani ila kwa sala. Alimlisha uji kwa kijiko. Alimgeuza. Jumatatu alfajiri alimsomea mpaka roho ikatoka, akamfumba mato kwa mkono wake. Weye hukuambiwa?"

"Niliambiwa habari zimefika forodhani."

Bi Barka akainamisha kichwa. Kisha akafungua furushi lake, akatoa kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, cha mama, nilikijua kwa upindo wake. Akanipa. Kilikuwa kizito. Nilikifungua.

Ilikuwa saa ya Abdulghafur, na mnyororo wake wa fedha. Ilikuwa yaenda.

"Mamako aliichukua," akasema. "Mumeo alipoingia, la kwanza aliloulizwa ni, 'Mwanangu yu wapi?' Akasema, 'Nimemwacha kwa zamu.' Mamako akamtazama sana, kisha akanyoosha mkono. 'Nipe hiyo saa. Ndiyo iliyomfunga mwanangu.' Akaitia chini ya mto. Siku ya pili akaniita, kanambia, 'Barka, uitie ufunguo kila asubuhi, isilale. Ungoje arobaini. Mwanangu asipokuya mwenyewe, mpelekee.'"

"Lakini kwa nini hakunichukua?" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Alikuwa anakwenda Ndau! Alikuwa anakwenda kwa mamangu! Nafasi ya mtu mmoja chomboni hakuna? Mimi nimekaa hapa napika wali, yeye yuko huko anamlisha mamangu uji! Uji ule ulikuwa wangu kumlisha!"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Kasema mke haondoki zamuni, basi kaja yeye badala yako. Jumamosi alitaka kuya kukutwaa, alikwisha vaa viatu. Mamako akamwita ndani. Akataka msahafu. Mimi nikaambiwa nitoke. Nilisikia anamwapisha. Alipotoka alivua viatu, akakaa mlangoni, akalia kama mtoto. Alichoapishwa sikijui. Muulize mwenyewe."

Nilikuwa nimeishika saa kwa mikono miwili. Sikujua nimchukie nani. Nilimchukia yeye kwa siku zangu tatu, maana ni zangu, hata angelia mpaka kesho. Nikajichukia mimi kwa arobaini. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, Mungu anisamehe, nilimchukia mamangu, kwa kumzuia mtu aliyekuwa anakuja kunitwaa.

Hodi ikapigwa.

Bi Barka akanitazama. Sikuondoka nilipo.

"Radhiya." Ilikuwa sauti ya Abdulghafur, imechoka. "Nifungulie. Sikuya kugomba."

Nikaenda mlangoni. Nikaweka mkono juu ya komeo, nikauacha hapo. Mkono wa pili una saa. Niliitazama. Saa tisa kasorobo. Nikasema moyoni, ngoja. Ngoja nawe kidogo, uone. Mshale ukasogea dakika moja. Ukasogea ya pili. Mbuzi akalia nje.

Ya tatu ilipotimia akasema tena, safari hii karibu kabisa na mbao.

"Najua umesimama hapo. Sina haraka. Mamako alinambia utanifungia mlango. Kanambia siku hiyo nisiondoke."